Mkono Mwepesi: Jinsi ya Kuchora Maua ya Majira ya Joto kwa Rangi za Maji

Ua la popi halina subira. Tumba likipasuka asubuhi, petali hutoka zimekunjamana kama kitambaa kilichotolewa mfukoni. Jua likipanda zimeshanyooka, na kesho yake au keshokutwa zinalala mezani. Popi ndiyo iliyonifundisha kuchora kwa mkono mwepesi, kwa sababu haikunipa nafasi ya kuchora vinginevyo.

Mimi ni mfamasia. Mchana kutwa nasoma vipimo vidogo, nahesabu vidonge vitano vitano, nakagua lebo mara mbili kabla dawa haijamfikia mgonjwa. Kazi hiyo naipenda, lakini kwa miaka mingi nilirudi nayo nyumbani kichwani. Usiku macho yamefumba, akili bado inahesabu. Nilipoanza kuchora, nilichora vivyo hivyo: penseli iliyochongwa kali, kila mshipa wa jani, kila uzi katikati ya ua. Nikimaliza nilikuwa nimechoka kuliko nilipokaa. Kisha siku moja niliweka popi tatu kwenye glasi, nikaanza na penseli yangu, na kabla sijamaliza ua la pili petali ya la kwanza ikaanguka puu juu ya karatasi. Nikaweka penseli kando. Nikalowesha karatasi, nikagusa nyekundu, maji yakaichukua. Dakika saba hivi, ua likawa limekaa pale, halina mstari hata mmoja, na lilikuwa popi kuliko zote nilizowahi kuhangaika nazo. Usiku ule nililala.

Sasa ni mwaka wa sita. Ninayoandika hapa ni kwa mtu anayetaka kujifunza namna hiyo ya kuchora ili apumzike, hata kama hajashika brashi tangu utotoni. Mkono mwepesi una nidhamu yake: unachagua mahali pachache pa kuwa makini kabisa, kisha kwingine kote unayaachia maji.

Karatasi ni nusu ya kazi

Ukiwa na uwezo wa kununua kitu kimoja tu kilicho kizuri, kiwe karatasi. Miezi yangu ya mwanzo nilitumia daftari la kuchorea lenye kurasa nyembamba. Rangi ilikauka kabla sijainua brashi, karatasi ikajikunja kama bati la paa, na nikipitisha brashi mara ya pili uso wake ulitoka vinyuzi. Nikajiambia sina mkono wa kuchora. Mkono nilikuwa nao. Sikuwa na karatasi.

Tafuta iliyoandikwa pamba asilimia 100, uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Pamba huyanywa maji na kuyashikilia ndani, kwa hiyo unapata dakika kadhaa za rangi kutembea kabla haijakauka. Karatasi ya massa ya miti ni ya bei nafuu zaidi na inafaa kwa mazoezi ya mipigo ya brashi, lakini maji hukaa juu yake na kukauka kwa viraka. Kuna nyuso tatu: laini kabisa, ya kati, na yenye mparuzo mkubwa. Anza na ya kati. Laini inaonyesha kila mtetemo wa mkono, na ya mparuzo inakatakata petali ndogo.

Karatasi kubwa ya kawaida ina sentimita 56 kwa 76. Ikunje na kuikata vipande vinane, kila kimoja kitakuwa na sentimita 28 kwa 19, ukubwa unaotosha shada dogo na hautishi. Na tumia pande zote mbili. Ukijua nyuma bado kuna nafasi, mkono haukazi.

Brashi zinatosha mbili. Moja ya duara, namba 10 au 12, yenye tumbo nene linalobeba maji na ncha inayojichonga yenyewe. Ukiilowesha na kuikung'uta mara moja, nywele zote zikutane mahali pamoja bila kusaidiwa na vidole. Ya pili ni nyembamba yenye nywele ndefu, ya vikonyo na nyuzi za katikati. Nywele za kutengenezwa kiwandani zinafaa kabisa. Wanaoanza wengi hushika brashi ndogo wakidhani ni rahisi kuidhibiti. Brashi ndogo inaishiwa maji kila baada ya sentimita tatu, unarudi kuchovya, unarudi tena, na ua linakuwa na viraka kama nguo iliyoshonwa usiku.

Kwenye rangi ndipo mazoea ya dawa yananisaidia: nasoma lebo. Nyuma ya kila tyubu nzuri kuna herufi na namba za pigmenti, yaani unga unaoipa rangi wekundu au ubluu wake. PV19 ni waridi ya kwinakridoni, PB29 ni bluu ya ultramarini, PB15 ni bluu ya thalo. Tyubu yenye pigmenti moja huchanganyika safi, na yenye tatu imeshachanganywa kiwandani, ukiongeza yako mbili unakaribia tope. Mimi hutumia sita: njano moja yenye uvuguvugu, nyekundu ya piroli, waridi ya kwinakridoni, ultramarini, thalo, na sienna iliyochomwa, ile hudhurungi yenye wekundu. Kijani nachanganya mwenyewe. Jihadhari na alizarini ya zamani, nyekundu yenye namba PR83, na zile waridi zinazong'aa kama taa. Zinavutia siku ya kwanza lakini hupauka zikikaa kwenye mwanga. Sita nzuri zinashinda sanduku la ishirini na nne hafifu.

Vilivyobaki ni vya nyumbani: glasi mbili za maji, moja ya kuoshea brashi na moja ya maji safi, sahani nyeupe ya kauri ya kuchanganyia, na kitambaa cha pamba kilichochakaa. Kitambaa hicho kitafanya kazi karibu sawa na brashi.

Kusoma mng'aro

Hapa ningependa ukae muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu anayejua hili anaweza kuchora ua lolote.

Weka karatasi mezani, uilowesha kwa brashi na maji safi, kisha inamisha kichwa uitazame kwa upande, macho yakiwa karibu kulingana na meza, dirisha likiwa mbele yako. Mwanzoni utaona dimbwi: maji yanacheza, yanaakisi dirisha zima. Baada ya muda dimbwi linazama na kubaki mng'aro, kama uso wa jani lililonyeshewa. Kisha mng'aro unafifia, unakuwa kama hariri. Baadaye hakuna mng'aro tena, lakini ukigusa kwa mgongo wa vidole unahisi ubaridi. Ubaridi huo ni maji yaliyobaki ndani. Mwisho karatasi inakuwa kavu na vuguvugu kama meza.

Kila hatua ina kazi yake. Wakati wa dimbwi, rangi inaelea bila mwelekeo na kukauka hafifu mno. Wakati wa mng'aro, ukigusa kwa ncha, rangi inafunguka kama wino kwenye maziwa, kingo zikiyeyuka: hapo ndipo petali za nyuma zinapozaliwa, zile zinazoonekana kama ua lililo mbali. Wakati wa hariri, rangi nzito inatanuka kidogo tu na kusimama, ikibaki na ukingo laini: hapo weka kiza cha katikati ya ua. Wakati wa ubaridi, usiguse kitu. Nasema hivyo baada ya kuharibu maua mengi. Karatasi ikiwa kavu, kila mpigo unabaki na ukingo mkali.

Fanya zoezi hili kabla ya ua lolote. Chora miraba mitano, uilowesha yote kwa pamoja. Weka tone la rangi ileile, yenye uzito uleule, kwenye mraba wa kwanza mara moja, wa pili baada ya dakika moja, wa tatu baada ya mbili, na kuendelea. Ukimaliza utakuwa na ramani ya karatasi yako, hewa ya chumba chako na mkono wako. Ibandike ukutani. Mimi huirudia kila ninapobadilisha karatasi, na mara nyingine hali ya hewa inapobadilika, kwani siku ya unyevunyevu mng'aro hukaa muda mrefu zaidi kuliko siku kavu yenye upepo.

Kanuni inayoongoza yote haya ni kwamba maji huenda kutoka kwenye majimaji zaidi kuelekea pakavu zaidi. Brashi iliyojaa maji ikigusa karatasi iliyoanza kukauka, maji mapya yanakimbia kwenda pembeni, yanaisukuma rangi iliyokuwa imetulia, na kuacha doa lenye kingo za mikunjokunjo. Ukigusa hatua ileile kwa brashi iliyokamuliwa, yenye rangi nzito, hakuna doa. Kwa hiyo kabla ya kila mguso jiulize swali moja: ni nani mwenye maji zaidi sasa, brashi au karatasi?

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kwenye karatasi yanazoleka, ila una sekunde chache. Osha brashi, ikamue kwenye kitambaa mpaka iwe na unyevu tu, kisha gusa dimbwi kwa ncha yake. Nywele zenye kiu zitayanyonya pamoja na rangi. Ndivyo pia unavyorudisha mwanga kwenye petali uliyoipaka nzito kupita kiasi.

Mpigo wa petali

Shika brashi mbali na nywele, katikati ya mpini au nyuma zaidi, kama unavyoshika kitu usichotaka kukibana. Ukiishika karibu na ncha, vidole vitafanya kazi ya mwandiko, navyo vina tabia ya kuandika vizuri. Huku nyuma ni kiwiko na bega vinavyosogea.

Gusa kwa ncha. Kandamiza mpaka tumbo la brashi lilale. Vuta kidogo, huku ukiinua mpaka ncha itoke. Gusa, laza, inua. Hiyo ni petali moja. Ukianza katikati ya ua na kutoka nje, ncha inabana kiini na tumbo linafungua mwisho mpana. Ukianza nje na kuingia, unapata petali zilizochongoka zinazokutana katikati. Jaza ukurasa mzima wa hizo bila kufikiria ua. Utaona ya ishirini ina uhai ambao ya kwanza haikuwa nao.

Wachoraji wa China wana jina la namna hii ya kupaka ua bila kulizungushia mstari: mogu, yaani "bila mifupa". Yun Shouping, aliyeishi kati ya 1633 na 1690, alijulikana hasa kwa maua yake ya namna hiyo. Naipenda tafsiri hiyo. Ua halina mifupa kweli. Linasimama kwa maji yaliyo ndani yake, ndiyo maana likikosa maji linalala.

Popi, tangu tone la kwanza

Tuanze nayo kwa sababu ina petali nne tu na haiogopi fujo.

Kwanza itazame dakika mbili mikono ikiwa mapajani. Usitafute petali. Tafuta umbo zima: ni bakuli? Ni sahani iliyoinamishwa? Nusu kipepeo? Mwanga unapita wapi? Popi ni nyembamba kiasi kwamba jua linapita ndani yake, na sehemu mbili za petali zinapolaliana nyekundu inakuwa nzito maradufu. Hilo ndilo unalolichora, kulaliana huko.

Changanya rangi zote kabla ya kugusa maji. Dimbwi moja la nyekundu yenye njano kidogo, jepesi kama juisi. Jingine la nyekundu na waridi, zito kama krimu. La tatu dogo, kiza: ultramarini na sienna iliyochomwa, pamoja na tone la waridi. Rangi za maji hukauka zikiwa hafifu kuliko zinavyoonekana mbichi, kwa hiyo dimbwi likikuonekea zito kupita kiasi, pengine ndilo sahihi.

Sasa chukua maji safi, ulowesha umbo la petali mbili za nyuma tu, kwa mipigo miwili, ukiacha vipande vidogo vya karatasi kavu hapa na pale. Subiri dimbwi lizame. Likiwa mng'aro, gusa ukingo wa juu kwa nyekundu nyepesi. Inua mkono. Utaiona rangi ikishuka ndani ya maji, ikisimama mahali karatasi ilipo kavu, ikipenya mahali ulipotia maji mengi. Hapa ndipo mkono unataka kusaidia. Uweke mapajani. Hesabu pumzi kumi.

Kisha, kwa nyekundu nzito, petali ya mbele: mpigo mmoja mpana juu ya karatasi kavu, brashi ikiwa imelala ubavu, ukingo wa juu ukitetemeka kidogo kama upindo wa nguo. Acha upande mmoja wa petali hii uguse ile ya nyuma ikiwa bado mbichi, na upande mwingine usiiguse. Pale zinapogusana ukingo utapotea, na pale zilipoachana utabaki mstari mwembamba mweupe wa karatasi. Mstari huo ni mwanga. Hakuna rangi nyeupe itakayokupa mwanga kama huo, kwa hiyo usiuzibe.

Petali ya nne mara nyingi siichori. Naigusia kwa mpigo mmoja wa maji wenye rangi kidogo, ukitoka nje ya ua na kupotea. Macho ya mtazamaji yataikamilisha.

Subiri hariri. Itazame kwa upande. Usikadirie kwa saa. Ikifika, chukua kiza kizito kwa ncha na uguse shina la petali, mara tatu tu. Kila mguso utapata ukungu mwembamba kuzunguka. Baada ya karatasi kukauka kabisa, kwa brashi nyembamba weka kile kikombe cha mbegu cha kijanikijivu na vinukta vya nyuzi nyeusi kukizunguka, vingine vimekusanyika, vingine vimejitenga. Hapo ndipo mahali pako pa kuwa makini. Vinukta vikali katikati ya ua laini ndivyo vinavyomwambia mtazamaji kwamba laini yote ile ilikusudiwa.

Kikonyo: mvuto mmoja kutoka kwenye ua kwenda chini, bega likiongoza. Acha ukatike mahali pamoja au pawili. Kikonyo cha popi kina nywele, na tumba lake huinama kama mtu anayetafuta kitu chini. Ongeza tumba moja lililoinama na ua litapata mwenza.

Maua mengine, na kila moja na somo lake

Deizi inafundisha kuacha. Petali zake ni nyeupe, kwa hiyo huzipaki. Unapaka nyuma yake. Weka kiini cha njano, kisha vuta rangi ya majani na kivuli kuzunguka petali, ukiziacha kama karatasi tupu. Baadhi ziache zifunguke kwenye weupe wa ukurasa, zisizungushwe zote. Na kumbuka deizi inayotazama pembeni si duara, ni yai: petali za mbele fupi, za pembeni ndefu.

Lavenda ni rahisi kuliko inavyoonekana: vishada vya vinukta vilivyopangwa ngazi ngazi, vikiwa na nafasi kati yake, vingine vya ultramarini yenye waridi, vingine vya maji karibu matupu. Tatizo la wengi ni kuzipanga kama askari. Zipishanishe, ziinamishe, na moja ikatwe na ukingo wa karatasi.

Kosmosi ina petali nane kwa kawaida, na ncha zake zina meno. Mpigo wa kutoka nje kwenda ndani unafaa hapa, brashi ikiwa na waridi nyepesi kwenye tumbo na waridi nzito kwenye ncha. Majani yake ni nyuzi nyuzi; brashi nyembamba, mkono wa haraka, basi.

Alizeti inataka ujasiri wa kiini. Watu hupaka petali ishirini kwa uangalifu kisha wanaogopa kiini, wanakipaka hudhurungi bapa. Fanya kinyume. Anza na kiini: sienna nzito, ultramarini upande wa kivuli, zikutane mbichi, na nyunyiza matone madogo ya maji safi ili chembe zifunguke. Kabla hakijakauka vuta petali chache kutoka kwenye ukingo wake, na hudhurungi itaingia kwenye njano yenyewe. Njano ndiyo rangi inayochafuka upesi kuliko zote, kwa hiyo maji yake yawe safi kabisa.

Delfiniamu hufunguka kutoka chini kwenda juu. Chini maua makubwa yaliyofunguka, katikati yaliyofumbuka nusu, kileleni matumba ya kijani. Ukilijua hilo tu umeshapata nusu ya ua. Bluu mbili, ultramarini na thalo, zikipishana mbichi juu ya mbichi.

Waridi liache mpaka umezoea. Siri yake ni mipigo mifupi, mizito na ya karibu katikati, inayozunguka na kuwa mipana na miepesi kadiri inavyotoka nje, ikiwa na nyufa nyeupe kati yake. Kisha mguso mmoja wa maji pembeni unaziunganisha. Mguso mmoja. Ukiweka miwili linakuwa kabichi.

Majani na hewa

Majani yasipewe kijani kimoja. Thalo na njano hutoa kijani cha jua. Ultramarini na njano hutoa kijani kilichotulia. Sienna ikiingia inakuwa kijani cha kivulini. Ninapochora ua nachukua kidogo cha rangi ya ua na kuitia kwenye kijani, shada zima likapata undugu. Na pale jani linapokutana na ua, naacha mahali pamoja vikutane vikiwa vibichi. Nyekundu inashuka kwenye kijani, na kiungo hicho kinashinda mistari kumi.

Acha nafasi tupu, zaidi ya unavyodhani inatosha. Shada langu la sentimita 28 huwa na maua matatu: moja kubwa lenye kingo kali, moja la pembeni lililolainika, na moja la nyuma ambalo ni doa la rangi tu. Emil Nolde, Mjerumani aliyelima bustani ya maua nyumbani kwake Seebüll, alichora popi na maua yake mengine kwenye karatasi ya Kijapani inayonyonya, na rangi zikazama ndani ya nyuzi kiasi kwamba petali na hewa vinakaribia kuwa kitu kimoja. Mtazame kwa muda utaelewa kwa nini ukingo uliopotea si kasoro.

Yakiharibika

Tope kwanza. Hutokea nyekundu na kijani zinapopigwapigwa pamoja, au unaposugua juu ya rangi iliyokwisha kukauka. Rangi za maji hushikwa kwa gundi ya mgunga, ambayo huyeyuka tena kila ikipata maji. Kwa hiyo safu ya chini huamka ukiisugua. Mpigo mmoja mwepesi hauiamshi. Kumi inaiamsha. Weka pigmenti mbili, ukizidi tatu, kwenye dimbwi moja, na badilisha maji ya kuoshea yakifika rangi ya chai.

Mistari myeusi kwenye ukingo wa petali hutokana na maji kukauka haraka pembeni kuliko katikati. Yaliyobaki yanakimbilia huko na kubeba rangi. Ukiupenda ukingo huo, uache. Usipoupenda, ulainishe kwa brashi yenye unyevu kabla haujakauka.

Na lile doa la mikunjokunjo: mara nyingi ukilisubiri likauke utakuta ndilo lililoipa petali umbile. Mimi siku hizi silifukuzi. Kinachoua mchoro ni kurudia. Nilijiwekea kanuni ambayo bado naifuata: ninapojisikia kusema "niguse hapa tu kidogo", naweka brashi kwenye maji, nasimama, naenda hadi mlangoni na kurudi. Nikiwa bado naona pana hitaji, naongeza. Mara nyingi sioni.

Muda wa kukaa nayo

Dakika ishirini zinatosha. Mimi hukaa baada ya kazi, kabla taa hazijawashwa, simu ikiwa chumba kingine. Dakika tano za kwanza ni mipigo kwenye karatasi ya mazoezi, mpaka bega lishuke lenyewe. Kisha karatasi mbili zilizolowa kwa zamu: ya kwanza ikisubiri hariri, nafanya ya pili. Kusubiri huku ndiko kunakonipumzisha. Huwezi kuharakisha maji, huwezi kuyakagua mara mbili, na wakati yanatembea huna kazi nyingine ila kutazama. Kikausha nywele kipo kabatini, sikitumii.

Chagua ua moja kwa wiki nzima. Zinia ikitunzwa kwenye maji safi hudumu siku nyingi, kwa hiyo inafaa. Siku ya kwanza utachora unachokijua kuhusu maua. Siku ya tatu utaanza kuchora unachokiona. Andika tarehe nyuma kwa penseli, na weka karatasi zikiwa bapa ndani ya jalada, mbali na jua.

Popi ikishaangusha petali zote, usiitupe. Iache kwenye glasi. Kikombe cha mbegu kitabaki juu ya kikonyo na taji lake dogo, na petali mbili tatu mezani zikianza kujikunja. Sienna nyepesi, ultramarini kidogo, mpigo mmoja wa kikonyo, na kwa petali zile waridi iliyotiwa maji mengi.